Usimwambie mtu afute herufi za jina lake

(Haya ni maneno niliyosema mbele ya mafundi wa kompyuta na makatibu wa ofisi, Dar es Salaam. Nimeyaandika karibu vilevile yalivyotoka mdomoni.)

Wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za asubuhi, na waliosafiri usiku kucha kuja kutusikiliza poleni na safari. Naomba nianze na ng'ombe.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa naangalia mitambo ya barua pepe ya shirika moja lenye ofisi hapa kwetu, Nairobi, Bujumbura na Lubumbashi. Siku moja katibu akatuma tangazo la chanjo kwa viongozi wa wafugaji, barua nzuri ya Kiswahili, kaiandika kwenye programu yake ya kuandikia, akaikopi, akaipesti kwenye mtambo wa kutumia watu wengi kwa mpigo, akabonyeza tuma. Kule ilikofika ikasomeka hivi: "chanjo ya ngâ€™ombe itaanza Jumatatu". Kila palipokuwa na ng'ombe pakawa na ile takataka, na kwenye tangazo la ng'ombe unaweza kufikiria ng'ombe wametajwa mara ngapi. Simu zikaanza kulia, watu wanauliza kama ni virusi, wengine hawakuifungua kabisa.

Kikao kikakaliwa na agizo likatoka, kuanzia leo apostrofi marufuku, andikeni ngombe tu. Wiki hiyohiyo Nairobi wakalalamika kwamba jina kama Mũthoni linatoka MÅ©thoni kwenye barua za mishahara, jibu likawa lilelile, andikeni Muthoni. Bujumbura wakasema André anatoka AndrÃ©, jibu, andikeni Andre. Yaani ndani ya wiki moja lugha tatu zimeambiwa zikate vidole vyake ili kompyuta ipumzike. Hilo agizo ndo limenileta mbele yenu leo, kwa sababu nimelisikia tena na tena kwenye ofisi nyingi tangu siku ile, na kila mara linatolewa na watu wazuri tu wenye haraka, na kila mara ni kosa.

Sisi Waswahili tunajiona tumebahatika kwenye mambo haya. Lugha yetu inaandikwa kwa a, b, ch, d, hatuna nukta juu wala mkia chini, q na x hata hatuzihitaji. Kwa hiyo mtu anasema haya mambo ya enkodingi, yaani namna kompyuta inavyoandika herufi kwa namba, ni ya Wajapani na Waarabu. Lakini ile apostrofi, ambayo vitabu vya sarufi vinaita ritifaa, inafanya kazi. Ng'oa ni kutoa kitu na mzizi wake, ngoa ni wivu na uchu. Mtu akisoma "ngoa magugu" ataelewa kwa kubahatisha, na lugha iliyoandikwa haitakiwi isomwe kwa kubahatisha. Na huko kwa jirani ndo usiseme, ile ũ ya Kikuyu na Kikamba ni irabu nyingine kabisa, inakaa karibu na o, na ĩ inakaa karibu na e. Ukifuta ile alama umebadilisha irabu kwenye jina la mtu, na hilo jina kalirithi kwa bibi yake.

Sasa ng'ombe aliharibikia wapi? Twende taratibu, hapa ndo pana utamu.

Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Sisi ndo tumekubaliana kwamba 65 ni A na 97 ni a. Makubaliano hayo yalianza Marekani mwaka 1963, yanaitwa ASCII, yana nafasi 128 tu, kuanzia 0 mpaka 127, ndani yake kuna herufi za Kiingereza, tarakimu, alama, na amri za mashine za taipu za zamani. Ile apostrofi iliyonyooka, ile ya kwenye kibodi, ni namba 39, iko ndani, haina shida popote duniani. Ila programu za kuandikia zina tabia ya kupamba, unapiga iliyonyooka yenyewe inaibadilisha kuwa iliyopinda, na iliyopinda haimo kwenye zile 128. Kwenye meza ya Windows ya nchi za Magharibi (meza ni jedwali la kusema namba fulani ni herufi fulani), inayoitwa Windows-1252, iliyopinda ni namba 146. Kwenye UTF-8, meza ambayo dunia nzima inatumia sasa, iliyopinda inaandikwa kwa baiti tatu (baiti ni namba moja kati ya 0 na 255), 226, 128, 153. Shika hizo namba tatu. Rudi nazo kwenye meza ya Windows-1252 utakuta 226 ni â, 128 ni €, 153 ni ™. Ziweke pamoja: â€™. Umemwona ng'ombe wetu?

Kwa hiyo hakuna kilichoharibika! Baiti zote zilifika salama Mtwara na Moshi na Bujumbura, hakuna hata moja iliyopotea, kilichotokea ni kwamba zilisomwa kwa meza ambayo sio yake. Naomba tuelewane vizuri hapo maana nusu ya kazi yetu iko hapo. Ni sawa na kumpa mtu barua ya Kifaransa ukamwambia ni Kireno, atasoma, atatoa sauti, ila haitakuwa ile iliyoandikwa.

Mnajiuliza kwa nini barua isiseme yenyewe nimeandikwa kwa meza fulani. Inasema. Au inatakiwa kusema, na kufika hapo ilichukua muda mrefu.

Barua pepe ya mtandao inasafiri kwa utaratibu unaoitwa SMTP, uliandikwa mwaka 1982, na ulipoandikwa ulisema wazi kwamba kinachopita ni herufi za biti saba (biti ni 0 au 1 moja), yaani zile 128 basi. Waliouandika walikuwa wanaandikiana Kiingereza. Sasa baiti ina biti nane, na é ya Kifaransa kwenye meza ya Latin-1 ni namba 233, inahitaji biti ya nane. Seva nyingi za zamani zikipokea baiti kama hiyo zilikuwa zinakata biti ya nane, na ukiikata 233 inabaki 105, na 105 ni i. André anakuwa Andri. Ç ndogo, ile ç ya français, ni 231, ikikatwa inabaki 103 ambayo ni g, kwa hiyo Mfaransa anaandika français kinafika frangais. Hicho ndo kitu cha hatari kuliko ng'ombe wetu kwa sababu hakionekani kama takataka, kinaonekana kama neno, na mtu anayeitwa Andri anaweza kuingizwa kwenye daftari na hakuna atakayeshtuka.

Watu wa dunia hawakukaa kusubiri Marekani iwakumbuke. Wajapani walitengeneza ISO-2022-JP, inatumia biti saba tu lakini inaweka alama ya kugeuza, ni kama kusema kuanzia hapa soma mbili mbili kama Kijapani, halafu mwishoni rudi kawaida. Ilikuwa akili kubwa sana, ila seva ikifuta ile alama ya kugeuza, konnichiwa inabaki $3$s$K$A$O. Na wao wana neno la ugonjwa huu, mojibake, yaani herufi zilizogeuka, siku hizi mafundi wa dunia nzima wanalitumia, na mimi nitalitumia leo maana sisi bado hatuna la kwetu.

Warusi walifanya kitu ambacho mimi kila nikikifikiria nawavulia kofia. Walijua biti ya nane itakatwa. Wakapanga meza yao, KOI8, hivi kwamba karibu kila herufi ya Kirusi imekaa kwenye namba ambayo ukikata biti ya nane inabaki herufi ya Kilatini yenye sauti inayofanana nayo. Neno Москва likikatwa linakuwa mOSKWA, kubwa zimekuwa ndogo na ndogo zimekuwa kubwa, lakini linasomeka! Walijenga nyumba wakijua bati litaezuliwa, wakaweka dari ya pili chini yake.

Na kuna ile picha ya bahasha, wengine mmeiona. Mtu wa Ufaransa alipewa anwani ya Kirusi kwa imeli, ikamfikia kwa mojibake, yeye hajui Kirusi, akadhani ndo kinavyoandikwa, akachukua kalamu akanakili kwa mkono kila kidude kwenye bahasha, Россия ikawa òÏÓÓÉÑ. Wafanyakazi wa posta ya Urusi wakakaa na ile bahasha, wakatafuta kila alama ni herufi gani kwenye meza yao, wakaandika anwani sahihi pembeni, mzigo ukafika. Hawa watu hawakumwambia mtumaji aache kuandika Kirusi. Walirudisha herufi moja moja mpaka jina likatokea, wakapeleka mzigo.

Juni 1992 ndo mambo yalianza kunyooka. Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa utaratibu unaoitwa MIME, ambao wengi tunaujua kwa atachimenti, kwamba ndo uliowezesha kutuma picha na faili. Kweli, ila ndani yake kulikuwa na kitu kingine ambacho kwangu ni kikubwa zaidi: lebo. Kila barua ibebe mstari unaosema maneno yangu yasomwe kwa meza gani. Ukifungua chanzo cha barua yako, kwenye programu nyingi kuna sehemu ya kuonyesha barua asili, utakuta mstari kama huu:

Content-Type: text/plain; charset=UTF-8

Hiyo charset ndo lebo. Na kwa kuwa barabara bado ilikuwa ya biti saba, MIME ikaleta njia mbili za kufungasha. Moja inaacha herufi za kawaida kama zilivyo na kuandika zile nyingine kwa alama ya sawasawa na namba zake, é inakuwa =C3=A9, nzuri kwa Kifaransa na Kikuyu maana sehemu kubwa ya barua inabaki inasomeka. Nyingine, base64, inachukua kila baiti tatu inazifanya herufi nne, mzigo unaongezeka kama theluthi, hiyo nzuri kwa Kiarabu na Kichina na mafaili. Vichwa vya barua na majina ya watumaji navyo vina namna yao, ndo maana saa nyingine mnaona kitu kama =?UTF-8?B?TcWpdGhvbmk=?= kwenye sehemu ya jina. Hicho sio kirusi wala udukuzi, hicho ni Mũthoni kafungashwa vizuri kabisa, programu iliyopokea ndo imeshindwa kufungua. Lebo iko palepale, UTF-8 ndo meza, B ndo namna ya kufungasha, halafu jina.

Miezi michache baada ya MIME, Septemba mwaka uleule wa 1992, Ken Thompson na Rob Pike walikuwa wanakula chakula cha jioni kwenye mkahawa mmoja New Jersey, Thompson akachora mpango wa UTF-8 kwenye karatasi ya kuwekea sahani. Wakati huo Unicode ilikuwa imeshatoka, toleo la kwanza 1991, wazo kwamba kila herufi ya kila lugha ipewe namba yake moja isiyogongana na nyingine. Shida ilikuwa namna ya kuziandika hizo namba bila kuvunja kila kitu kilichokuwepo. UTF-8 inafanya hivi: zile 128 za zamani zinabaki vilevile, baiti moja, hazijaguswa, na herufi nyingine zote zinaandikwa kwa baiti mbili mpaka nne ambapo baiti ya kwanza inasema tuko wangapi na zinazofuata zina alama ya kusema mimi ni mfuasi. Kwa hiyo hata ukianguka katikati ya maneno unajua herufi inaanzia wapi. Na kwa fundi kuna faida nyingine, maandishi ya meza nyingine ni nadra sana yakafanana na UTF-8 halali kwa bahati, kwa hiyo ukikuta baiti zisizo na lebo, zina herufi nje ya ASCII, na zinapita kama UTF-8 bila kosa, ziamini.

Sasa kama dawa ipo tangu 1992 kwa nini ng'ombe wangu aliugua?

Nilifungua chanzo cha ile barua. Mwili umeandikwa UTF-8. Lebo inasema ISO-8859-1, ndo ileile Latin-1. Basi. Mtambo wa kutuma ulisetiwa na mtu zamani, enzi ambazo kila kitu kilikuwa Latin-1, baadaye programu ikabadilishwa ikawa inatoa UTF-8, lebo hakuna aliyeigusa. Nilibadilisha mstari mmoja kwenye setingi, nikajitumia barua yenye ng'ombe, ng'ambo, Mũthoni, André na assalamu alaykum kwa Kiarabu, vyote vikafika vimesimama. Chini ya nusu saa. Agizo la kufuta herufi lilikuwa limeshasambazwa ofisi nne.

(Mtauliza, lebo ilisema ISO-8859-1, mbona ilisomwa kama Windows-1252? Kwa sababu hizo meza mbili zinalingana karibu kote, isipokuwa nafasi 128 mpaka 159, na watu walichanganya sana lebo zake mpaka programu zimeamua kwamba ukisema ISO-8859-1 zitasoma Windows-1252.)

Majina ya Nairobi lakini yalikuwa ugonjwa mwingine, na huo ulinitesa. Orodha ilitoka kwenye databesi kama faili la CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma, ikafunguliwa kwenye programu ya majedwali, na CSV haina lebo, ni baiti tupu, kwa hiyo ile programu ikakisia meza ya kompyuta husika, Windows-1252. Mũthoni akaonekana MÅ©thoni. Mtu akarekebisha mshahara wa mmoja, akasevu, akarudisha faili kwenye databesi. Kuanzia hapo MÅ©thoni sio tena UTF-8 iliyosomwa vibaya, ni jina lililoandikwa hivyo kweli, Å imehifadhiwa kama Å na © kama ©. Mwezi uliofuata ikajirudia, takataka juu ya takataka. Mkiona Ã¢â‚¬â„¢ mahali palipotakiwa apostrofi mjue hiyo imepita mara mbili kwenye mlango mbovu.

Naomba makatibu mnisikilize kwa makini hapa, maana nyie ndo mnaona kwanza. Kuna herufi iliyojificha na kuna herufi iliyokufa, na lazima mjue kutofautisha kabla hujagusa kitu.

Ukiona Ã©, Å©, â€™, herufi imejificha. Inarudi. Fundi anazirudisha zile alama kuwa baiti za Windows-1252, Å ni 197, © ni 169, halafu anazisoma upya kama UTF-8, 197 na 169 ni ũ, Mũthoni huyo amerudi. Kama ilipita mara mbili anafanya mara mbili. Ila kuna mtego, meza ya Windows-1252 ina nafasi tano ambazo hazina kitu, moja ni 157, na alama ya kufunga nukuu iliyopinda inaishia na 157. Programu nyingine zikifika hapo zinaitupa ile baiti, kwa hiyo unaweza kurudisha nukuu zote za kufungua, za kufunga zikakosa kurudi.

Ukiona visanduku vitupu, herufi ni nzima, fonti tu ndo haina umbo lake. Usibadilishe chochote, weka fonti.

Ukiona alama ya kuuliza, M?thoni, hapo herufi imekufa. Mahali fulani programu ililazimishwa kuiandika ũ kwenye meza isiyo na ũ, ikaweka ? badala yake, na ? ni ? tu, haikumbuki ilikuwa nani. Vilevile ukiona ile almasi nyeusi yenye alama ya kuuliza ndani, �, ikihifadhiwa hivyo, au ukiona ï¿½, ujue ni ileile almasi imesomwa vibaya, nayo imekufa. Dawa ni moja, kwenda kwenye nakala ya zamani, au kumuuliza mwenye jina. Sisi tulipiga simu. Watu walishangaa kuulizwa jina lao linaandikwaje, mama mmoja wa Kiambu alilitaja herufi kwa herufi taratibu, akasema ofisini hapo ana miaka tisa na ndo mara ya kwanza kuulizwa.

Kwa ndugu zetu wa Zanzibar na Mombasa wenye watu Muscat na Dubai, barua za Kiarabu zina dalili zake na zinasomeka kwa jicho. Neno السلام likitoka Ø§Ù„Ø³Ù„Ø§Ù…, unaona Ø na Ù zinarudiarudia, hiyo ni UTF-8 iliyosomwa kwa Windows-1252, kila herufi imekuwa mbili. Likitoka ÇáÓáÇã, moja kwa moja, basi imeandikwa kwa Windows-1256, meza ya zamani ya Windows ya Kiarabu, na lebo haipo au imedanganya. Magonjwa mawili tofauti, ukitoa dawa ya moja kwa nyingine unaharibu zaidi. Niliwahi kusaidia familia moja Unguja iliyokuwa na barua za mzee wao aliyefariki, alikuwa anaandika kutoka Oman kwa Kiarabu miaka ya nyuma, barua zipo kwenye kompyuta lakini wameshaamini zimeharibika, wako karibu kuzifuta. Zilikuwa Windows-1256 bila lebo. Tulichagua meza sahihi kwenye menyu ya programu, zikafunguka zote pale mezani. Zingekuwa ????? nisingeweza kuwasaidia hata kwa neno moja, ndo maana nasisitiza sana hii tofauti.

Databesi nazo mziangalie. MySQL, programu mojawapo ya databesi, ilikuwa na kitu kinaitwa utf8 ambacho kinakubali mpaka baiti tatu tu, wakati UTF-8 ya kweli inafika nne, kwa hiyo mtu akiweka emoji kwenye ujumbe, maandishi yanaweza kukatika palepale au kukataliwa. Tangu 2010 ipo utf8mb4 ndo iliyo kamili, na bado leo nakuta mifumo mipya watu wameseti ile ya zamani kwa sababu jina lake linaonekana sahihi.

Na folda. Wenzetu wa Kongo na Burundi wakitengeneza folda ya Reçus saa nyingine programu nyingine inaionyesha Re&AOc-us. Sio virusi, ni namna IMAP, utaratibu wa kusomea barua zilizo kwenye seva, inavyoandika majina ya folda, programu yako imeshindwa kutafsiri tu.

SMS pia, maana ofisi nyingi hapa zinatuma matangazo yaleyale kwa njia zote mbili. SMS ya kawaida inabeba herufi 160. Ukiweka herufi moja tu isiyomo kwenye meza yake, ujumbe mzima unahamia meza nyingine na nafasi zinabaki 70, na zikiunganishwa zinakuwa 67 kila kipande. Ile apostrofi iliyopinda haimo. Tangazo la herufi 150 linalolipiwa kama SMS moja, likiwa na ng'ombe mmoja mwenye apostrofi iliyopinda linalipiwa tatu, zidisha kwa wafugaji wote. Hapa mimi nasema tumieni apostrofi iliyonyooka, kwa sababu ritifaa inabaki kamili na maana haiguswi, ni umbo tu limebadilika. Lakini ũ haina mbadala, kwa hiyo kama ni jina la mtu lipieni.

Anwani zenyewe je? Hapo dunia bado inajikongoja. Mei 2010 ndo Misri, Saudia na Emirati zilipata majina ya nchi kwa herufi za Kiarabu kwenye mtandao. Upande wa kabla ya ile @, utaratibu wa kuruhusu herufi zozote ulitoka Februari 2012, unaitwa SMTPUTF8, na Gmail walianza kuukubali Agosti 2014. Sharti lake gumu ni kwamba kila seva njiani iukubali, mmoja akikataa barua inarudishwa. Ushauri wangu wa kazi, anwani ya ofisi iwe na ya ASCII inayofika kote, na jina linaloonekana mbele yake liandikwe kamili na alama zake zote, maana hilo MIME inalibeba tangu 1992 na hakuna kisingizio.

Wanaoseti mifumo, naomba kila mtambo mpya wa barua upimwe kabla haujapokelewa. Tuma barua yenye ng'ombe kwa apostrofi zote mbili, Mũthoni, Ngũgĩ, André, reçu, السلام عليكم, na emoji moja, weka kwenye kichwa, kwenye jina la mtumaji, kwenye mwili na kwenye jina la atachimenti. Ipitishe kwenye databesi, itoe kwenye CSV, iingize tena. Kikishindwa kimoja usisaini. Muuzaji akikuambia "si mtumie herufi za kawaida", mwambie hizo ndo herufi za kawaida za watu tunaowahudumia.

Na lile agizo la ofisi nne lilifutwa, ilichukua miezi mitatu na barua mbili, nami ndo niliziandika.

Laptopu yangu iko hapa mbele imewashwa. Mwenye barua iliyomshinda kusoma aisogeze, asiiforwadi wala kuikopi, afungue ileile ya asili, tuanze na chanzo chake.